Vipimo vya Macho Kabla ya Upasuaji wa Leza: Maelezo kwa Wasomaji wa Kisii na Nyamira

Utangulizi

Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo walivyonena wahenga. Hata hivyo, wako wenye macho ambao hata wakiambiwa watazame hawaoni. Katika shule zetu za Kisii na Nyamira hakosekani mwanafunzi ambaye maandishi ya ubaoni humjia kama ukungu wa asubuhi kwenye vilima vya Manga. Akibahatika hupata miwani. Asipobahatika huitwa mzembe. Mwanafunzi huyo akifika chuoni husikia habari za upasuaji wa leza, upasuaji unaosemekana kumwondolea mtu haja ya miwani kwa dakika chache tu, na matumaini yake huamka.

Lengo la makala hii ni kueleza vipimo vinavyotangulia upasuaji huo. Hoja tunayoitetea ni kwamba sehemu muhimu zaidi ya tiba hii ni uchunguzi unaofanywa kabla ya mashine ya leza kuwashwa. Uchunguzi huo ni chekecheo. Kazi yake ni kuwatenga wanaofaa na wasiofaa, na jibu la "hapana" likitolewa kwa haki ni tiba kamili, kwa kuwa limeokoa jicho lililokuwa zima.

Leza hufanya nini?

Mbele ya jicho pana utando mwangavu uitwao konea. Mwanga huingilia hapo, hupita katika mboni, hupindishwa zaidi na lenzi iliyo ndani, kisha hutua kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea taswira na kuipeleka ubongoni. Takriban theluthi mbili za nguvu ya jicho ya kupindisha mwanga hutokana na konea. Jicho likiwa refu kupita kiasi, taswira huundwa kabla ya kufika kwenye retina na mtu hushindwa kuona mbali. Likiwa fupi, taswira huangukia nyuma ya retina. Nayo konea ikiwa imejipinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mistari huonekana imevutika. Hali hiyo huitwa astigmatizimu.

Miwani hurekebisha kasoro hizo kwa kuweka kioo mbele ya jicho. Leza hubadilisha umbo la konea yenyewe. Mnamo mwaka 1983 Stephen Trokel na wenzake walionyesha kwamba leza ya eksima, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho, inaweza kuondoa tabaka jembamba mno la konea bila kuunguza sehemu zilizo jirani. Mnamo mwaka 1990 Ioannis Pallikaris wa Krete nchini Ugiriki aliitumia njia ambayo sasa hujulikana kwa jina la LASIK: daktari hufunua kifuniko chembamba cha konea, leza huchonga chini yake, kisha kifuniko hurudishwa. Katika njia iliyoitangulia, iitwayo PRK, hakuna kifuniko. Ngozi laini ya juu huondolewa, leza huchonga, na ngozi hiyo huota upya kwa siku kadhaa.

Msomaji atambue neno moja hapa: kuchonga. Wachongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka wanajua vyema kwamba jiwe likishapunguzwa halirudi. Konea nayo ni vivyo hivyo. Kilichoondolewa na leza hakioti tena, na ndiyo sababu kupima hutangulia.

Maswali yanayotangulia mashine

Uchunguzi mzuri huanza kwa mazungumzo. Swali la kwanza ni umri. Mtu aliye chini ya miaka 18 hafanyiwi, kwa kuwa jicho lake bado linabadilika. Hata aliyevuka umri huo huulizwa kama nguvu ya miwani yake imetulia. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba isiwe imebadilika kwa zaidi ya nusu dayopta katika muda wa mwaka mmoja. Dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi. Alama ya kutoa mbele yake humaanisha kwamba mhusika haoni mbali. Kwa hiyo karatasi ya miwani ya mwaka jana, ambayo wengi wetu huitupa, ni ushahidi wenye thamani.

Swali la pili ni afya ya mwili mzima. Kisukari kisichodhibitiwa, ugonjwa wa baridi yabisi na maradhi mengine ambayo kinga ya mwili hujishambulia yenyewe huweza kuharibu uponaji wa kidonda. Mjamzito na mama anayenyonyesha huombwa wasubiri, maana mabadiliko ya homoni huweza kubadili vipimo kwa muda. Dawa nazo hutajwa, hasa za kupunguza kinga na zile za kutibu chunusi sugu ambazo hukausha macho. Aliyewahi kupata vidonda vya virusi vya hepesi kwenye jicho hana budi kusema, kwani upasuaji huweza kuviamsha.

Swali la tatu huonekana dogo, nalo ni zito kuliko yote: je, wewe hufikicha macho? Watoto na vijana wengi katika Afrika Mashariki huwashwa macho kwa sababu ya mzio. Vumbi la barabara, chavua za mimea na moshi wa kuni jikoni huongeza adha hiyo. Kufikicha macho kwa nguvu na kwa miaka mingi kumehusishwa na ugonjwa uitwao keratokonasi, ambao hufanya konea idhoofike, iwe nyembamba na kuchomoza mbele kama pia. Mwanzoni mgonjwa hudhani kwamba anahitaji miwani mipya tu. Hubadilisha miwani mwaka baada ya mwaka, na astigmatizimu yake huongezeka kila mara. Mtu wa namna hii ndiye anayeitamani leza zaidi, na ndiye ambaye leza ingemdhuru zaidi. Ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo pia hutajwa, kwa kuwa huweza kuandama ukoo.

Vipimo vyenyewe

*Uoni na nguvu ya miwani.* Mtu husomeshwa ubao wa herufi uliobuniwa na Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862. Hukaa umbali wa mita 6, na anayesoma mstari wa kawaida huandikiwa 6/6. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, naye huashiria kwa vidole upande ambao miguu yake imeelekea. Kisha hujaribiwa lenzi moja baada ya nyingine. Kipimo hiki hurudiwa baada ya kutiwa matone yanayolegeza misuli ya ndani ya jicho, kwa sababu jicho la kijana hujikaza na kuficha sehemu ya kasoro yake. Bila matone hayo, daktari huweza kuchonga zaidi ya inavyotakiwa.

Aliyezoea kuvaa lenzi ndogo zinazokaa juu ya jicho huziacha kabla ya vipimo: zile laini kwa muda usiopungua majuma 2, zile ngumu kwa majuma 3 au 4. Lenzi hizo huifinya konea, na konea iliyofinywa hutoa vipimo vya uongo.

*Umbo la konea.* Katika karne ya 19 Mreno Antonio Plácido alitumia kisahani chenye miviringo myeusi na myeupe. Aliangalia jinsi miviringo hiyo inavyoakisiwa kwenye konea. Ikiwa imenyooka kama mawimbi ya kisimani baada ya jiwe kutupwa, konea ni nzima. Ikiwa imepotoka, pana dosari. Mashine za leo hufanya kazi iyo hiyo kwa kompyuta na kuchora ramani ya rangi inayoitwa topografia. Aina nyingine, iitwayo tomografia, huonyesha uso wa mbele wa konea, uso wa nyuma na unene wa kila sehemu. Kipimo hiki hakistahili kurukwa kwa hali yoyote, kwa kuwa keratokonasi changa huweza kujificha kwenye uso wa nyuma huku mbele pakionekana salama na mgonjwa akisoma 6/6 kwa miwani yake.

Historia inatufundisha umuhimu wake. Mnamo mwaka 1998 Theo Seiler na wenzake waliripoti wagonjwa ambao konea zao zilichomoza baada ya LASIK, na uoni wao ukaharibika. Konea iliyopunguzwa kupita uwezo wake ilikuwa imeshindwa kustahimili shinikizo la ndani ya jicho. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakitafuta dalili za udhaifu kabla ya kuchonga.

*Unene wa konea.* Konea ya kawaida ina unene wa mikroni 540 hivi katikati yake. Mikroni 1,000 ni sawa na milimita 1, kwa hiyo tunazungumzia zaidi kidogo ya nusu milimita. Hapa hesabu ni rahisi, na kila anayetaka upasuaji anapaswa kuijua. Katika eneo la kuchongwa lenye upana wa milimita 6, kila dayopta moja ya kutoona mbali huhitaji kuondolewa mikroni 12 hivi. Kifuniko cha LASIK huchukua takriban mikroni 110.

Tuwafikirie wanafunzi wawili wa kubuni. Wa kwanza anatoka Keroka. Konea yake ina mikroni 550 na miwani yake ni dayopta 4 za kutoa. Leza itaondoa mikroni 48. Tukijumlisha na kifuniko tunapata 158, na mikroni 392 zitabaki chini bila kuguswa. Wa pili anatoka Ogembo; konea yake ina mikroni 490 na miwani yake ni dayopta 8 za kutoa. Leza itaondoa mikroni 96. Pamoja na kifuniko ni 206, na zitakazobaki ni 284.

Zamani ilidhaniwa kwamba mikroni 250 zikibaki zinatosha. Leo madaktari wengi hutaka zibaki 300 au zaidi, na hutahadhari ikiwa kiasi kilichoguswa kinafikia asilimia 40 ya konea nzima. Kwa kijana wa Ogembo kimefika asilimia 42. Anaweza kuambiwa aendelee na miwani, achunguzwe kama PRK isiyo na kifuniko itamfaa, au afikirie lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho. Macho yake si mabaya kuliko ya mwenzake wa Keroka. Wote wawili husoma 6/6 wakivaa miwani. Kilichowatenganisha ni hesabu, na hesabu hiyo haiwezi kufanywa kwa kumtazama mtu usoni.

*Machozi na mboni.* Kikaratasi chembamba huwekwa kwenye ukingo wa kope la chini kwa dakika 5. Kikilowa milimita 10 au zaidi, machozi kwa kawaida huhesabiwa kuwa yanatosha. Upasuaji hukata neva ndogo za konea na kuzidisha ukavu wa macho kwa miezi kadhaa. Aliyeanza na macho makavu huweza kupata mateso ya muda mrefu. Mboni nayo hupimwa gizani. Ikipanuka kuliko eneo lililochongwa, mhusika huweza kuona duara za mwanga kuzunguka taa za magari usiku. Kwa dereva wa matatu au mwendeshaji wa bodaboda, jambo hilo ni la riziki na uhai.

*Shinikizo la jicho na retina.* Shinikizo la kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Likipimwa pamoja na hali ya neva ya jicho, daktari huweza kugundua glakoma, maradhi yanayonyemelea kimyakimya na yanayowaathiri watu wa asili ya Kiafrika zaidi kuliko wengi wengine. Kumbukumbu ya kipimo hiki ni muhimu kwa sababu nyingine pia: konea iliyopunguzwa hufanya mashine isome shinikizo kuwa dogo kuliko lilivyo, na mtu huweza kuambiwa yu salama hali glakoma inaendelea kumla. Hatimaye mboni hupanuliwa kwa matone ili retina ikaguliwe. Jicho la asiyeona mbali ni refu, na retina yake huwa imevutika. Huweza kuwa na tundu au mchaniko unaostahili kutibiwa kwanza. Leza ya konea haiondoi hatari hiyo, kwani urefu wa jicho haubadiliki.

Lugha ya vipimo

Kama wanafunzi wa Kiswahili, hatuna budi kujiuliza: je, mgonjwa anayaelewa haya yote? Aghalabu fomu ya idhini huwa ya Kiingereza, maelezo hutolewa kwa mchanganyiko wa lugha, na mgonjwa huyafasiri moyoni kwa Ekegusii. Katika safari hiyo maneno hupotea njiani.

Tuangalie mifano mitatu. Kwanza, "presha ya macho". Wengi wakilisikia jina hili hudhani ni shinikizo la damu lililopanda hadi machoni, wakatarajia kwamba vidonge vya presha vitawaponya. Pili, "mboni". Kwa wazungumzaji wengi neno hili hubeba sehemu yote nyeusi ya jicho, ilhali daktari anakusudia tundu la katikati tu. Tatu, na lenye madhara zaidi, ni neno "leza" lenyewe. Kwa kuwa leza ni mwanga, mtu hudhani kwamba amemulikwa. Hatambui kwamba sehemu ya mwili wake imeondolewa daima. Wapo pia wanaoamini kwamba upasuaji huu hutibu mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni kuharibika kwa lenzi ya ndani. Hutibiwa kwa kuiondoa lenzi hiyo na kuweka nyingine, wala kuchonga konea hakumsaidii mwenye maradhi hayo.

Idhini iliyotolewa bila kuelewa ni sahihi tu kwenye karatasi. Hapa ndipo taaluma yetu ina kazi. Tukiandaa maelezo mafupi ya Kiswahili sanifu, yanayosema "kuchonga" pale panapochongwa na "shinikizo la ndani ya jicho" pale panapokusudiwa hilo, tutakuwa tumempa omong'ina wa Nyansiongo uwezo wa kumuuliza daktari wa mwanawe swali la maana. Kuuliza si ujinga.

Msafiri kutoka Gusii

Upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni nchini Kenya hupatikana zaidi katika hospitali za binafsi za Nairobi, na kutoka mjini Kisii hadi huko ni mwendo wa kilomita 300 hivi. Umbali huu huleta hatari ambayo haimo katika mashine yoyote. Familia huweza kuweka akiba ya bonasi ya majani chai au kuuza ng'ombe, kijana akafunga safari, na siku hiyo hiyo akapimwa na kupasuliwa. Aliyegharimika kiasi hicho hataki kusikia neno "hapana", naye mwenye kliniki huweza kushawishika kutolitamka.

Tunashauri mambo manne. La kwanza, uchunguzi wa jumla uanzie nyumbani. Mjini Kisii zipo huduma za macho, zikiwemo zile za Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Shinikizo, retina, mtoto wa jicho na nguvu ya miwani ni mambo yanayochunguzwa katika kliniki ya macho bila mashine ya leza. Anayekataliwa hapo ameokoa nauli. La pili, siku ya vipimo na siku ya upasuaji zisiwe siku moja. Matone ya kupanua mboni hufanya mtu asione vizuri kwa saa kadhaa, na uamuzi mzito huhitaji usiku wa kulala nao. La tatu, gharama ihesabiwe pamoja na marudio, maana mgonjwa huonwa kesho yake, kisha baada ya juma moja hivi, na tena katika miezi inayofuata. Asiye na nauli ya kurudi hajawa tayari kwenda.

La nne ni kuhifadhi kumbukumbu. Mtu aliyefanyiwa leza akiwa na miaka 25 huenda akahitaji kuondolewa mtoto wa jicho akiwa na miaka 65. Daktari wa siku hiyo atahitaji kukokotoa nguvu ya lenzi mpya, na kanuni za kawaida humdanganya kwenye konea iliyochongwa. Nguvu ya miwani ya awali, mpindo wa konea na unene wake kabla ya upasuaji humsaidia kupata hesabu iliyo karibu na kweli. Kliniki huweza kufungwa na kompyuta huharibika. Basi nakala ya karatasi iombwe, ihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba.

Kwa yule aliyegunduliwa kuwa na keratokonasi, safari yake haikuwa bure. Tangu mwaka 2003, watafiti wa Dresden nchini Ujerumani walipochapisha matokeo yao, imejulikana kwamba matone ya riboflavini pamoja na mwanga wa urujuanimno huweza kuikaza konea na kuuzuia ugonjwa usiendelee. Akigunduliwa mapema huweza kuokoa uoni alio nao. Akichelewa, huenda akahitaji kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba leza huchonga konea kwa kudumu, na kwamba umri, afya, umbo na unene wa konea, machozi, mboni, shinikizo na retina ndivyo vinavyoamua nani achongwe. Imeonyesha pia kwamba umbali wa Kisii na Nyamira kutoka Nairobi, pamoja na pengo la lugha, huweza kuyapotosha maamuzi hayo. Ikumbukwe vilevile kwamba hata aliyefanikiwa huhitaji miwani ya kusomea afikapo miaka ya arobaini, kwa kuwa lenzi ya ndani huzeeka kama viungo vingine.

Miwani si aibu wala si ugonjwa. Anayetaka kuivua ana haki hiyo, naye akapimwe kwa utaratibu, aulize kila namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake, na akiambiwa hafai airudishe miwani usoni kwa shukrani. Haraka haraka haina baraka, na jicho lililochongwa kwa pupa halina fundi wa kulirudishia kilichoondolewa.